JIBINI, NYAMA NA NDEGE: WAKUBWA WAKIGOMBANA, NANI HULIPA?



Mara nyingi tukifika matawini, tukianza kusema habari za ushuru, mikataba ya biashara na uhusiano wa nchi na nchi, huinuka mwenzetu mmoja akasema: "Hayo ni ya mawaziri. Sisi tuambieni habari za mshahara." Twamwelewa. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kuchuma chai, au kuwahi zamu ya kwanza kiwandani, hana nafasi ya kufuatilia mambo ya Geneva na Washington. Lakini safari hii twamwomba avumilie kidogo. Tunataka kumwonyesha kwamba mambo ya mawaziri na habari za mshahara ni kitu kimoja, na tutamwonyesha kwa chakula ambacho wengi wetu hatukiweki mezani, nacho ni jibini.

Msicheke, ndugu. Twajua kwamba chakula chetu ni ugali na maharage, na siku ya mshahara labda samaki. Jibini ya daraja la juu ni chakula cha hoteli kubwa. Lakini nayo inatengenezwa na watu wenye mikono kama yetu, na yaliyowapata watu hao yanaweza kutupata sisi, na mengine yamekwisha kutupata.

JIBINI YA MAPANGONI

Jibini ni maziwa yaliyogandishwa, yakatolewa maji, yakatiwa chumvi, kisha yakawekwa yakomae. Kwa hiyo ni namna ya kuweka akiba. Maziwa huharibika kwa siku moja au mbili, lakini jibini hukaa miezi, na nyingine hukaa miaka. Mfugaji akitengeneza jibini anaweka akiba jasho lake la leo ili aliuze kesho.

Kusini mwa Ufaransa, katika mkoa wa Aveyron, kuna kijiji kiitwacho Roquefort-sur-Soulzon. Kijiji hicho kiko chini ya mlima Combalou, na ndani ya mlima huo mna mapango yenye ubaridi na unyevu mwaka mzima. Huko ndiko inakokomaa jibini ya Roquefort. Inatengenezwa kwa maziwa mabichi ya kondoo wa aina ya Lacaune, inatiwa kuvu maalumu, inatobolewa kwa sindano ili hewa ipenye, na baada ya siku zisizopungua 90 ndipo inapata ruhusa ya kuuzwa kwa jina hilo. Ukiikata utaona mishipa ya rangi ya buluu na kijani. Mgeni atadhani imeoza, kumbe hiyo ndiyo sifa yake.

Mwaka 1411 mfalme Charles wa Sita aliwapa watu wa kijiji hicho haki ya peke yao ya kuikomaza jibini hiyo. Mwaka 1925 sheria ya Ufaransa ikalilinda jina lake, ili mtu wa mahali pengine asitengeneze jibini yake akaiita Roquefort. Na kwa miaka mingi kazi ya mapangoni ilikuwa ya wanawake walioitwa cabanières. Wao ndio waliokuwa wakigeuza jibini na kuzikwangua, wamesimama kwenye baridi kutwa nzima. Wakati tajiri wa Paris alipokuwa akisifu ladha, mikono ya mama hao ilikuwa imekufa ganzi.

UGOMVI WA NYAMA

Sasa sikilizeni jinsi jibini hii ilivyoingizwa katika ugomvi usioihusu.

Wafugaji wengi wa ng'ombe Marekani huwapa wanyama wao homoni ili wanenepe upesi. Wananchi wa Ulaya walizihofia dawa hizo, na tangu mwaka 1989 nchi za Ulaya zilikataa kuingiza nyama ya namna hiyo. Marekani ilisema hofu hiyo haina msingi, ni hila ya kulinda wafugaji wa Ulaya. Shirika la Biashara Duniani lilipoanzishwa mwaka 1995, Marekani na Canada zilipeleka mashtaka yao huko. Ulaya ikashindwa katika kesi, lakini haikufungua mlango wa nyama.

Basi mwezi wa Julai 1999 waamuzi wa Shirika hilo wakairuhusu Marekani kulipiza kisasi kwa kutoza ushuru bidhaa za Ulaya, kiasi cha dola milioni 116.8 kwa mwaka. Marekani ikaandika orodha. Ushuru wa asilimia 100 ukawekwa juu ya jibini ya Roquefort, haradali ya Dijon, maini ya bata na vitu vingine vya namna hiyo. Maana yake ni kwamba jibini ikifika bandarini kwa bei ya shilingi 100, mwenye kuiingiza atalipa serikalini shilingi 100 nyingine, kabla hajalipa mchukuzi wala mwenye duka.

Tazameni jambo hili vizuri. Ugomvi ulikuwa wa nyama ya ng'ombe, na aliyetozwa ni mfugaji wa kondoo. Mchungaji wa Aveyron hakutunga sheria ya homoni, wala hakuitwa Geneva kutoa ushahidi. Siku moja aliamka akaambiwa kwamba mali yake imepandishwa bei maradufu katika nchi ya mbali kwa kosa lisilo lake. Na Uingereza, kwa kuwa ilikuwa upande wa kuondoa katazo la nyama, haikutiwa katika orodha ile. Wagawe uwatawale: desturi hiyo hata kati ya wakubwa wenyewe haijafa.

WACHUNGAJI WA LARZAC

Wafugaji hawakukaa kimya. Tarehe 12 Agosti 1999, katika mji wa Millau ulio karibu na Roquefort, kundi la wafugaji na wenzao lilikwenda mchana kweupe kwenye jengo la mgahawa wa McDonald's lililokuwa bado linajengwa, wakalibomoa sehemu na kuvichukua vipande kwa trekta. Aliyejulikana zaidi kati yao ni José Bové, mfugaji wa kondoo wa nyanda za Larzac na mmoja wa viongozi wa Confédération paysanne, chama cha wakulima wadogo. Nyanda hizo zilikuwa na historia ya mapambano: tangu mwaka 1971 mpaka 1981 wafugaji wake walipinga serikali kuwanyang'anya ardhi ili kupanua kambi ya jeshi, na mwisho wakashinda.

Bové aliwekwa rumande. Na hapa pana jambo ambalo twataka kila mfanyakazi alishike. Katika watu waliochanga fedha za dhamana yake walikuwamo wakulima wa Marekani. Ndiyo, wakulima wa nchi ile ile iliyotoza ushuru! Walitambua kwamba mkulima mdogo wa Ufaransa si adui yao. Kesi ilipofika mahakamani huko Millau mwaka 2000, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika mjini. Bové alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu, akakitumikia mwaka 2002.

Sisi hatuwafundishi wanachama wetu kubomoa majengo. Chama chetu kina njia zake, nazo ni mazungumzo, mkataba na mgomo kwa utaratibu. Tunaloliona la maana ni kwamba watu wale walikataa kuhesabiwa kama magunia katika orodha ya mtu mwingine.

Ugomvi uliendelea miaka mingi. Mwezi wa Januari 2009, serikali ya Rais Bush ikiwa katika siku zake za mwisho, ilitangaza kwamba ushuru wa Roquefort utapandishwa kufikia asilimia 300. Orodha nzima ilikuwa na vitu vingi, lakini jibini hii peke yake ndiyo iliyopewa kiwango hicho. Ushuru huo haukuanza kutozwa. Mwezi wa Mei 2009 pande mbili zilielewana: Ulaya ikakubali kununua nyama nyingi zaidi ya Marekani, ile isiyo na homoni, kuanzia tani 20,000 kwa mwaka, na Marekani ikalegeza kamba. Mwaka 2011 ushuru wa kisasi uliobaki ukaondolewa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya Roquefort huliwa na Wafaransa wenyewe, kwa hiyo mapango hayakufungwa. Lakini ilichukua miaka kumi na miwili mchungaji kutolewa katika kesi ya ng'ombe.

NDEGE ZATOZWA KIDOGO, JIBINI YATOZWA ZAIDI

Mtu anaweza kusema hiyo ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. La hasha. Marekani na Ulaya zilikuwa na ugomvi mwingine wa ruzuku za ndege, Boeing upande huu na Airbus upande ule. Mwezi wa Oktoba 2019 Shirika la Biashara Duniani liliiruhusu Marekani kutoza bidhaa za Ulaya zenye thamani ya dola bilioni 7.5 kwa mwaka. Ndege zenyewe zilitozwa asilimia 10. Jibini nyingi za Ulaya zilitozwa asilimia 25! Mwenye kesi alipigwa kofi, na jirani yake aliyekuwa anapita njiani akapigwa rungu.

Katika jibini hizo ilikuwamo Parmigiano Reggiano ya Italia. Ndugu, Airbus ilikuwa ni mambo ya Ufaransa, Ujerumani, Hispania na Uingereza. Italia haikuwamo kabisa. Lakini gurudumu moja la jibini hiyo, lenye uzito wa kilo 40 hivi, linatumia lita 550 hivi za maziwa na linakaa ghalani si chini ya miezi 12. Iko hata benki moja ya huko, Credito Emiliano, inayopokea magurudumu hayo kama dhamana ya mkopo, kama vile kwetu mtu anavyoweka hati ya shamba. Basi fikirini: mfugaji amekwisha kukopa, jibini iko ghalani inakomaa tangu mwaka jana, naye hawezi kuirudisha iwe maziwa. Ndipo ushuru unapotangazwa. Na katika mazizi ya bonde la mto Po, wengi wa wanaokamua ng'ombe hao ni wahamiaji kutoka Punjab, India. Mtu ametoka Asia kutafuta riziki Italia, na kazi yake inatikiswa na ugomvi wa ndege kati ya Marekani na nchi nyingine nne.

Ulaya nayo, mwezi wa Novemba 2020, ikalipiza juu ya bidhaa za Marekani kwa ajili ya Boeing. Mwaka 2021 ndipo walipokubaliana kusimamisha ushuru wa pande zote mbili kwa miaka mitano.

Na mashariki mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwezi wa Agosti 2014, kwa sababu ya ugomvi juu ya Ukraine, nchi za Magharibi ziliiwekea Urusi vikwazo, na Urusi ikajibu kwa kukataza vyakula vya kutoka huko, jibini ikiwamo. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2015, serikali ya Urusi ilianza kuharibu vyakula vilivyopenyezwa, na huko Belgorod matingatinga yalikanyaga tani tisa za jibini mbele ya kamera. Chakula cha watu kikasagwa udongoni ili mkubwa mmoja amwonyeshe mkubwa mwingine kwamba hana mchezo.

KWA NINI JIBINI?

Tumejiuliza sana swali hili. Mbona hawachagui chuma, au mafuta, au mitambo? Jibu letu ni hili. Mwenye kulipiza kisasi hutafuta kitu ambacho kikikosekana nyumbani kwake hakitasimamisha kiwanda hata kimoja, lakini kwa mwenzake kina jina na heshima, na watengenezaji wake wamekaa mahali pamoja, hawawezi kuhamia kwingine. Kampuni kubwa ina mawakili, ina viwanda katika nchi kumi. Pango la Combalou haliwezi kuhamishwa, na kondoo hawezi kuambiwa mwaka huu atoe petroli badala ya maziwa. Asiyeweza kukimbia ndiye anayepigwa.

Sasa tutazame kwetu. Shamba la chai laweza kuhamishwa? Mti wa kahawa, unaochukua miaka mitatu au minne kuzaa vizuri, waweza kung'olewa kila ugomvi unapotokea? Sisi nasi ni watu wa pangoni, ndugu.

Na uhusiano si wa mfano tu. Tarehe 18 Mei 2000 Rais Clinton wa Marekani alitia sahihi sheria moja kubwa ya biashara. Ndani ya sheria hiyo mlikuwa na kifungu kilichotaka orodha za kisasi ziwe zinabadilishwa mara kwa mara, leo jibini, kesho kitu kingine, ili hofu isambae. Na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoleta mpango wa AGOA, wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Fimbo ya Mfaransa na peremende ya Mwafrika zilifungwa katika karatasi moja.

Peremende hiyo nayo yaweza kunyang'anywa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikusudia kupunguza nguo za mitumba ili viwanda vyao vya nguo viinuke, na Rwanda ikapandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo wake, na tarehe 30 Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika AGOA. Mshona nguo wa Kigali alitozwa kwa sababu ya mitumba, kama mchungaji wa Aveyron alivyotozwa kwa sababu ya nyama.

Lesotho yatufundisha zaidi. Tarehe 2 Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru mpya juu ya nchi karibu zote, na nchi hiyo ndogo, ambayo wanawake wake wengi hushona suruali za jinzi kwa ajili ya maduka ya Marekani, ikatajiwa asilimia 50. Mwezi wa Agosti ikashushwa mpaka 15. Lakini katikati ya miezi hiyo wanunuzi walisimamisha oda, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Ushuru haukuwa umetozwa hata senti moja kwa kiwango kile cha 50, na tayari sufuria zilikuwa tupu.

Wazee wetu wa kahawa nao wanakumbuka mwezi wa Julai 1989. Nchi zinazouza na zinazonunua zilishindwa kuelewana katika Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, mgao wa mauzo ukavunjika, na bei ikaanguka. Mkulima wa Bukoba, wa Masaka na wa Ngozi alipewa habari hiyo na mizani ya ghala.

TUFANYE NINI?

Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Methali hiyo twaijua sote, lakini methali haiongezi mshahara. Nyasi haziwezi kukaa mezani na tembo. Wafanyakazi wanaweza, wakijipanga.

Tumewahi kukaa na uongozi wa shamba moja kubwa kujadili nyongeza. Tukaambiwa soko la nje limeharibika, haiwezekani. Tukaomba kuona hesabu. Tukajibiwa hesabu ziko makao makuu, ng'ambo. Miezi michache baadaye gari jipya la meneja likafika. Pengine soko lilikuwa limeharibika kweli, pengine sivyo. Shida ni kwamba upande wetu wa meza haukuwa na hata karatasi moja ya kulijibu neno lile.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, yajadiliwe katika kila tawi.

Kwanza, kila tawi lichague watu wawili au watatu wa kujua mali yetu inauzwa nchi gani, kwa nani, kwa bei gani, na inatozwa ushuru kiasi gani. Si kazi ya msomi. Karani wa ghala na dereva wa lori la bandarini wanajua nusu ya habari hizo tayari.

Pili, mkataba wa hali bora uwe na kifungu cha bei. Bei ya nje ikipanda, mfanyakazi apate sehemu yake bila kuomba. Ikishuka, mwajiri afungue vitabu mbele ya chama kabla hajapunguza mtu hata mmoja. Wafugaji wa Roquefort na wenye viwanda vya jibini waliunda shirikisho lao la pamoja tangu mwaka 1930 ili wakae meza moja juu ya bei ya maziwa. Kama mchungaji wa kondoo aliweza kumketisha tajiri wa mapango, mchuma chai atashindwaje?

Tatu, serikali zetu zinapopeleka ujumbe kujadili biashara na mataifa makubwa, mwakilishi wa wafanyakazi awemo katika ujumbe huo. Wenye viwanda huwamo siku zote, hata wasipotangazwa.

Nne, tusiwachukie wafanyakazi wa nchi inayotutoza. Mchinjaji ng'ombe wa Kansas hakuandika orodha ya jibini, wala mfunga bolti wa kiwanda cha Boeing hakumtuma mtu kumwumiza mkamuaji wa Punjab. Wakulima wa Marekani waliotoa fedha zao kumdhamini mfugaji wa Larzac walikwisha kutuonyesha njia. Chama cha hapa kikiandikiana barua na chama cha huko, habari za ushuru zitatufikia kabla ya kufika mizanini.

Mwenzetu yule anayetaka habari za mshahara, hizo ndizo habari zenyewe. Matawi yatakayokuwa yamechagua kamati zao kabla ya mazungumzo yajayo ya mkataba yatuletee majina, nasi tutawapelekea orodha ya maswali ya kumwuliza mwajiri.

Umoja ni nguvu.